Eda Niliyoikalia Mlangoni Pake

Talaka yangu ilikuja kwa simu, mikono yangu ikiwa kwenye unga. Nilikuwa barazani pale Shauri Moyo, nakata mahamri ya asubuhi, simu ikatetema mfukoni mwa aproni. Nikaifungua kwa kidole kidogo, hicho pekee hakikuwa na unga. Mume wangu ameandika: nimekuacha, talaka moja, fungasha vitu vyako, nimechoka na mke anayenuka mafuta ya kukaanga.

Nililia, sifichi. Nililia huku nageuza mahamri kwenye karai, kwa sababu wachuuzi wa Gikomba walikuwa wamesimama wananingoja, na mtu mwenye njaa hana habari kwamba umeachwa.

"Mrembo, ni vitunguu?" muuza mitumba mmoja akaniuliza.

"Ni vitunguu."

Mahamri hayana vitunguu. Akala mengine mawili.

Jioni nikiwa nimeshafunga nguo zangu kwenye shuka, shangazi yangu akaingia kutoka Mbotela. Hata hakunipa pole. Alifungua fundo la shuka, akaanza kurudisha nguo kabatini.

"Unaenda wapi?"

"Kwako, Shangazi. Ameniacha."

"Ameandika talaka ngapi?"

"Moja."

Alicheka mpaka buibui likamteleza kichwani. "Mpumbavu huyo! Talaka ni moja, mwanangu, eda unaikalia nyumbani kwake. Hana ruhusa ya kukutoa. Chakula anakuletea. Yeye ndiye atafute pa kulala!"

Mimi shule niliishia darasa la nane, lakini somo hilo liliniingia mara moja. Nilijua pia kwamba yule bwana alishamwahidi msichana mmoja wa Tassia hii nyumba aliyoachiwa na baba yake, na kwamba msichana alishachagua pazia. Basi pazia na lingoje. Nilitandika kitanda vizuri, nikalala katikati.

Akahamia kwa kaka yake, nyumba ya nne kutoka kwetu, kulala kwenye kochi. Kila asubuhi akienda kwenye stoo ya vitambaa alikoandikwa karani, lazima apite mbele ya baraza yangu. Na mimi nilimngoja. Nikimwona anatokeza tu, natwanga iliki. Nilianza kupika hata vitu ambavyo sikuwa nikipika: viazi karai, bajia, mbaazi za nazi nzito. Aliyesema nanuka mafuta, nilimnusisha mafuta. Kila Jumamosi alipoleta unga na mchele wa matumizi, nilimpokea kwa sauti ya kusikika hadi bombani: "Asante baba! Na sabuni je? Umesahau sabuni!" Wateja wakiangua kicheko, yeye anatazama viatu vyake. Roho yangu ilikuwa ikipoa, jamani. Usiniulize kama ni vizuri.

Biashara ikakua. Fundi mmoja wa mbao akanionyesha kibanda kitupu karibu na soko, mwenye kibanda akakubali kuniwekea mpaka eda yangu iishe. Nilishakiona kichwani: meza tatu, mlango wa buluu, na mimi nimevaa kilemba kama mwenye hoteli.

Kosa langu ni kwamba nilipika vizuri mno. Msichana wa Tassia alichoka kungoja nyumba, akaenda zake, na bwana kochi likaanza kumuuma mgongo. Asubuhi moja badala ya kupita akasimama kwenye foleni.

"Sasa, mama. Niwekee mbaazi nyingi."

Kesho yake tena. Kesho kutwa akaanza kutabasamu. Jirani yangu akanifinya: "Wewe! Bwana yako anarudi!"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Katika kumkomoa nilisahau jambo moja: ndani ya eda ya talaka moja, mume akisema tu nimekurejea, umerudi. Wewe huulizwi. Na sikungoja sana kujua mpango wake. Siku ya Jumanne, huku anamumunya, akanigongea jiko kwa ncha ya kiatu.

"Nafikiria kukurejea. Lakini hili jiko linatoka hapa. Mke wangu hatauzia wanaume chai."

Niliona lile neno limeshafika kwenye ulimi wake. Nikatabasamu kwa meno yote.

"Utanirejea hivi hivi, na mbaazi mdomoni? Mtu wa heshima kama wewe? Njoo na ami yako, njoo na shehe, Ijumaa baada ya swala. Watu waone."

Huyo anapenda kuonwa. Kifua kikamjaa. "Ijumaa, basi."

Eda yangu ilikuwa ya twahara tatu, vipindi vitatu vya usafi kati ya hedhi na hedhi. Mwezini nikiingia mara ya tatu tangu aniache, imekwisha, neno lake halinishiki tena. Kwa hesabu yangu ingekuwa Jumatano, ikizidi sana Alhamisi. Jumatano, kimya. Alhamisi, kimya. Nilikunywa tangawizi mpaka koo likawaka.

"Sema imekuja," jirani akaninong'oneza. "Nani atakukagua?"

"Hapana. Nataka kumkomoa kwa haki."

Nilimaanisha. Mungu nisingemdanganya hata kwa ajili ya meza tatu na mlango wa buluu. Lakini Ijumaa alfajiri nilikanda unga huku naomba dua ambayo siwezi kuiandika hapa. Jua lilipopanda, tumbo likaninyonga. Sijawahi kufurahia maumivu namna ile. Nilikimbilia chooni, na huko nikacheka peke yangu hadi jirani akagonga mlango akidhani nimeugua.

Baada ya swala wakaja: ami yake mbele, shehe, na yeye kwenye kanzu mpya, amefukizwa udi kama bwana harusi. Majirani walishajipanga vizingitini. Shangazi alikaa kwenye kigoda, amekunja mikono.

Shehe akaniuliza kwa upole, "Binti yangu, bado uko edani?"

"Imeisha, Shehe. Asubuhi hii."

"Una hakika?"

"Wallahi."

Shehe akamgeukia. "Basi hapa hakuna kurejea, kijana. Huyu si mkeo tena. Ukimtaka, posa upya, mahari upya, na yeye mwenyewe akubali."

"Ulijua!" akanifokea. "Jumanne ulijua!"

"Nilitarajia," nikasema. "Kujua nimejua leo."

Ami yake akakohoa, nafikiri alikuwa anaficha kicheko. Mdomo wa yule bwana ulianza kutetemeka, na moyo wangu huu laini ukanisaliti kidogo: nikamsogezea kiti. Kiti tu. Chai niliwamiminia wale wazee wawili.

Kesho yake nikahama. Wateja walinipakilia vyombo kwenye mkokoteni: meza, masufuria, gunia la unga, na jiko juu kabisa, makaa bado yana moto. Njia fupi ya kwenda sokoni ilikuwa kulia. Nikamwambia mwenye mkokoteni akate kushoto, apite mbele ya nyumba ya kaka wa yule bwana, alikokuwa bado analala kwenye kochi, polepole kama harusi.

"Mbona tunazunguka, dada?"

"Sukuma tu," nikamwambia, nikajifunga kilemba vizuri.