Mvua ya Kanzu

Enzi za Wadachi nilikuwa karani wa mvua bomani Arusha. Kila asubuhi nilipima maji ya kopo lililowekwa uani, nikaandika. Ukame ulikuwa mkali, ila kopo langu halikukosa maji. Bwana Mdachi, mkuu wa boma, akasoma kitabu changu, akafunga mfereji wa wakulima: mvua inawatosha. Maharage yao yakakauka.

Mzee mmoja, mkulima wa kijiji cha Kimandolu, akaja kulalamika.

"Shikamoo mzee," nikamwambia kwa kiburi. "Kitabu hakidanganyi."

Nikampeleka yeye na Bwana hadi kwenye kopo. Anga lilikuwa jeupe. Tone likadondoka. Mzee akainua macho, jambo ambalo mimi msomi sikuwahi kulifanya. Juu ya kopo, kwenye kamba, ilining'inia kanzu yangu niliyoifua alfajiri, kama kawaida.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mbona hukuja kuianika shambani kwangu?"