Mfarishi wa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alinichukia kwa bidii, wala sikumlaumu. Binti yake angeweza kuolewa na mwenye ng'ombe. Akanichukua mimi, mwanamume anayeshinda kitako hapo mjini, mtaa wa Ngokolo, akikanyaga cherehani. Kule kijijini kwake Samuye alikwisha kuwatangazia wote kwamba mume wa binti yake ana miguu inayotembea kutwa isifike popote.

Basi mwaka mmoja, hamsini na ngapi sijui, baridi ya Juni haijaingia, akatujia na mzigo kichwani. Mfarishi. Alikuwa ameuunga kwa mkono miaka sita, kipande kwa kipande, kutoka mashati ya marehemu mumewe. Katikati alitandaza pamba ya shamba lake, chini akaweka kitambaa cha marekani, akashikiza kwa nyuzi ndefu. Ilibaki kuupiga mistari ya cherehani ili pamba isikimbilie pembeni. Alisema mkono wake umechoka. Mashati mengine ya marehemu hayakuwapo. Nikiuharibu, nimemzika baba mkwe mara ya pili.

Kikwazo kilikuwa adabu. Kwetu Wasukuma mwanamume na mama mkwe wake hata kutazamana hawatazamani, sembuse kushika matandiko yake. Baba yangu angesikia angenikana. Tukapata ujanja: mama mkwe akae chumba cha ndani, pazia lining'inie mlangoni, mke wangu asimame katikati kupeleka maneno. Nyumba yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba nilimsikia mama mkwe akimeza mate.

"Mwambie mumeo asiuvute mfarishi."

"Mama anasema usivute."

"Mwambie sijavuta."

"Anasema hajavuta."

"Mwambie namsikia anavuta!"

Nilikuwa na sindano mbili tu, na dukani zilikuwa zimekwisha. Mstari wa tatu, tak! Ya kwanza ikavunjika. Nikapapasa: mbegu ya pamba. Mbele yake nyingine, na nyingine. Hasira zikanipanda, nikamsahau mjumbe wetu, nikamwita mama mkwe mwenyewe kwa Kisukuma.

"Mayu! Pamba hii imechambuliwa na nani, kuku?"

Mke wangu akajiziba mdomo. Nilingoja laana. Badala yake, nyuma ya pazia ikatoka sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Nilichambua mwenyewe. Nilidhani nimezimaliza."

Hapo nikaelewa. Mwanamke huyu, aliyejisifu kwamba anamtambua ng'ombe wake akiwa ng'ambo ya bonde, alikuwa haoni. Haukuwa mkono uliochoka; yalikuwa macho. Niliona aibu, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikampenda.

Nikamwambia mke wangu tuutundike mfarishi kwenye kamba, katikati ya chumba. Mama mkwe akaja akasimama upande wake, mimi wangu, hatuonani. Adabu imetimia, na mizimu yenye malalamiko ipeleke kesi barazani. Akaanza kupapasa. Vidole vyake vilikuwa na macho kuliko macho yangu. Akikuta mbegu anaiminya, nami nafumua uzi kidogo, naitoa kwa ncha ya mkasi. Mara mbili vidole vyetu vilikutana kupitia pamba. Hakuna aliyekufa.

Mbegu zilipokwisha akarudi nyuma ya pazia, nami sindano ya pili nikaiendesha taratibu huku nikiisemesha maneno matamu ambayo mke wangu alidai hajawahi kuambiwa yeye. Ikafika mwisho. Mstari wa saba ulipinda kidogo, nikajifanya sikuuona.

Nikaupitisha mfarishi chini ya pazia. Nikasikia viganja vikiukagua, mstari kwa mstari.

"Wa saba umepinda," akasema. Kisha viganja vikasimama. "Na hapa pembeni tumeacha mbegu."

Nikachukua mkasi, nikamwambia mke wangu amwombe aurudishe.

"Yaya," akakataa, na safari hii hakumpitia binti yake. "Iache hiyo. Usiku ikinichoma, nitajua nina mkwe."