Mbegu Zilizonisubiri Maposeni

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kuchunguza jua kilichojengwa mlimani ughaibuni, niliuliza vipokea sauti vya kuvaa masikioni viko wapi. Nilikuwa nimeambiwa tutachunguza sauti za jua. Chumba kizima kilicheka.

"Kijana, sauti hiyo itapita wapi ikufikie?" aliuliza Mkuu wa Kituo. "Kati ya jua na sisi hakuna hewa. Hapa tunasikia kwa macho."

Jua hutokota, na mtokoto huo huzaa mawimbi ya sauti yanayozama ndani kisha kurudi juu. Yakirudi, uso wa jua hupanda na kushuka, na rangi ya mwanga wake hubadilika kidogo mno. Badiliko hilo ndilo tulilopima. Wimbi likikuta mahali palipojaa nguvu za sumaku, huwahi kufika kwa sekunde chache. Mahali hapo ndipo penye doa jeusi, hivyo tuliweza kulihisi hata likiwa upande wa pili wa jua.

Baadaye nilihamishiwa kwa Mkuu wa Uchambuzi, mama mkali. Kila nilipoandika kwamba doa linakuja, aliyakata maneno hayo kwa kalamu. "Umepima muda wa wimbi. Doa umeliona wapi?" Nilizeekea kwake.

Nilipostaafu nilirudi Songea, na dada yangu Sabina akanipeleka kijijini Maposeni, kwa mkulima mmoja, Mzee Ngatunga. Mahindi ya majirani zake yalikuwa yameshachipua. Shamba lake lilikuwa tupu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekungoja na mbegu zangu. Sabina kasema jua lote unalijua. Nipande, au mvua hii itakatika?"

Katika simu zote nilizopiga nyumbani nilijiita mtaalamu wa jua, na sikueleza zaidi.

"Mzee, mambo ya mvua siyajui."

"Huyajui? Basi jua ulilosomea ni la wapi? Maana hili la kwetu ndilo linalokausha mahindi."

Majirani waliosimama nasi waliangua kicheko. Sabina hakucheka. "Kaka," alininong'oneza, "mimi ndiye niliyemwambia asubiri."

Kesho yake niliazima jembe, tukapanda pamoja, tukiwa tumechelewa.

Kazi yangu bado naiheshimu. Ila msimu ulipoiva, Mzee Ngatunga alituletea mahindi ya kuchoma, ya kwanza kutoka shambani kwake, mafupi, yenye punje za kuhesabika.

"Karibu, mtaalamu," alisema, bila kejeli.

Niliyapokea kwa mikono miwili, nikashindwa kumtazama usoni.