Chokaa ya Mlimani

Msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni fundi wa kupiga sakafu za chokaa hapa Mji Mkongwe. Jumamosi nilikwenda sinema na shemeji yangu Machano, karani anayejua Kiingereza. Kabla ya picha yenyewe walionyesha habari za Ulaya: kamati ikitayarisha mlima kwa mashindano ya dunia ya kuteleza kwa mbao miguuni.

Kiingereza sikijui, lakini kazi naijua! Malori yalimwaga kitu cheupe, watu wakakitandaza kwa makoleo, kisha wakajipanga bega kwa bega wakakishindilia, kama tunavyoshindilia sisi sakafu. Wakubwa wa kamati wakapita nyuma wakikagua kila shubiri. Hakuna aliyekaa.

"Tazama chokaa ilivyopigwa!" nilimwambia Machano, machozi yakinilenga. "Mlima mzima! Hawa ndio mafundi."

Machano aliguna tu.

Mashindano yakaanza. Mara mshindani mmoja akaanguka, akainuka anacheka, akachota kile cheupe kwa kiganja, akatia kinywani.

Niliruka kitini. "Tema, mwanangu! Tema, itakuunguza matumbo!"

Sinema nzima iligeuka. Machano akanivuta kanzu.

"Kaa kitako, shemeji. Ile theluji. Ilipungua mlimani, kamati ikaileta kwa malori."

Nikakaa. Lakini wallahi, imepigwa barabara.