Hewa Bombani, Ghorofa ya Tano

Hebu mtazame Rauza akipanda ngazi, msomaji wangu mwema. Ni Oktoba mjini Perm, Urusi, siku ile boila za mji zinapowashwa kupasha nyumba joto, na kila mtu anashika rejeta ya ukutani kuona kama imepata uhai. Mwanamke mfupi wa Kitatari, miaka sitini na minane, kapu la viazi mkononi. Kila ghorofa mlango unafunguka kidogo, uso unachungulia.

"Rauza apa, dada yetu mkubwa, mabomba ni barafu!"

"Nimesikia," anajibu, na hana haraka.

Miaka thelathini na moja alikuwa fundi wa boila. Maji ya moto hupanda upande ule wa jengo kwa bomba moja, nyumba hadi nyumba, mpaka kwake juu kabisa, ndipo yarudi chini. Hewa nayo hunasa huko juu. Kila mwaka yeye ndiye aliyelegeza kiskrubu kwenye rejeta yake, hewa ikafoka fsss mpaka maji yakachuruzika, na wote wa chini wakapata joto. Hakuna aliyemshukuru, naye hakuwahi kudai shukrani.

Sasa, majira ya baridi yaliyopita, Vadim wa ghorofa ya tatu aliweka rejeta mpya, kubwa kama ng'ombe. Fundi wake wa vichochoroni aling'oa kile kibomba cha pembeni, ambacho huwapitishia wengine maji hata mtu akifunga koki yake. Basi Vadim akiona joto limezidi anafunga, na bomba zima linakufa. Juu, Nail, mume wa Rauza, aliyepooza upande mmoja, anatetemeka chini ya mablanketi manne. Rauza alikuwa ameziba madirisha kwa karatasi na sabuni, akabandika karatasi ya kung'aa nyuma ya rejeta ili joto lirudi chumbani. Lakini utarudisha nini, na hakuna kilichofika? Akashuka kuomba. Mara tatu.

"Vaa soksi, mama," Vadim alimjibu mlangoni, fulana imemganda kwa jasho. "Mwenzio huku naiva!"

Nail walimzika Februari.

Ndiyo maana Oktoba hii kiskrubu hakikuguswa. Rauza alikaa jikoni na koti lake, akinywa chai ya maziwa. Baridi ilimuuma yeye pia, tena kuliko wote, lakini ilikuwa na utamu wake. Klavdia wa ghorofa ya kwanza alipojua kuwa ni makusudi, alimpandishia kopo la matango ya chumvi. "Mbane huyo Vadim, shoga yangu! Sisi makoti tunayo."

Kesho yake Vadim akabisha hodi.

"Mama Rauza, nasikia hewa imenasa kwako…"

"Vaa soksi, baba."

"Nimemleta mama yangu kutoka kijijini. Ana miaka themanini na mbili!"

"Nail alikuwa na sabini na moja. Ulimuuliza?"

Vadim akatazama viatu vyake. "Unataka nini?"

"Kibomba kirudi mahali pake, kichomelewe nikiona kwa macho yangu. Halafu ukae siku tatu na baridi, uonje."

"Na mama?"

"Una dada mjini. Mpeleke."

Kibomba kilichomelewa jioni ile ile, Rauza akisimama juu ya fundi kama hakimu. Lakini bibi kizee aligoma kwenda kwa binti yake. Alisema hataikimbia nyumba ya mwanawe. Siku tatu kikohozi chake kilipanda kwa bomba, kikavu, mpaka jikoni kwa Rauza, naye akawa anaongeza sauti ya redio.

Asubuhi ya nne Vadim amesimama mlangoni, makoti mawili, midomo ya samawati. "Zimetimia, mama."

Kweli zimetimia. Rauza yuko mbele ya rejeta, ufunguo umeshakaa kwenye kiskrubu. Alisema siku tatu, na yeye si mtu wa kuvunja neno. Ila Nail alitetemeka siku mia moja na kumi. Alizihesabu moja moja. Mkono umekataa kuzunguka.

Ungekuwa wewe, ungefungua, au ungemwambia Vadim akahesabu zilizobaki?