Mbegu za Mama katika Chupa Yangu

Hasadi niliyoikemea miaka mingi mbele ya wanafunzi wangu iliingia nyumbani kwangu Langoni ikiwa ndani ya kikapu. Mdogo wangu wa kike, anayepika katika nyumba ya wageni huko Shela, alikuja na tikiti. Alipolipasua nililitambua: nyama ya manjano, ganda jembamba, lile lile alilokuwa akilipanda marehemu mama.

Miaka saba iliyopita mama alitugawia mbegu zake sawa kwa sawa. Zangu nilizitunza kama amana. Siku ile ile zilipooshwa nilizitia katika chupa ya kioo, nikakaza kifuniko, nikaiweka juu ya rafu ya vitabu, dirishani, ili kila mgeni aione. Za mdogo wangu nilidhani amekwisha kuzitapanya.

"Ulizipanda zote?" nilimuuliza.

"Kila mwaka napanda, kaka. Tunakula, tunagawa, nabakisha za tikiti lililo bora. Nazianika kivulini mpaka ukiikunja moja inavunjika ta! Ndipo nazitia jivu."

"Zangu zimetoka mkononi mwa mama mwenyewe."

Alicheka. "Basi tuzijaribu, mwalimu. Au zimeshahitimu?"

Tulilaza kumi zangu na kumi zake katika vitambaa viwili vilivyoloweshwa, akaniachia. Siku nne nilivifunua mara nyingi kuliko nilivyofunua msahafu, nikiomba, nakiri kwa haya, zake zioze. Siku ya tano zake tisa zilikuwa zimetoa mizizi myeupe. Zangu zilikuwa tepetepe, zikinuka uvundo. Nilikwisha kusoma kwamba mbegu huvuta pumzi hata ikilala, na kwamba joto na unyevu huifupishia umri. Elimu hiyo sikuifikisha rafuni.

Kilichoniuma si tikiti. Kilichoniuma ni kwamba kazi ya mama ilikuwa hai katika kiwanja cha mchanga cha binti aliyeacha shule, wala si nyumbani kwa mwana aliyemwombea dua kwa Kiarabu fasaha.

Aliporudi aliuliza, "Zako je, kaka?"

Ningeweza kusingizia panya. Nikamfunulia kitambaa. Hakucheka tena. Alizikusanya tisa zake zilizochipua, akaziweka kiganjani mwangu.

"Hizi hazingoji. Zipande leo."

Nilizipanda uani, kando ya kisima. Sikumshukuru mpaka alipofika mlangoni, na hata hapo sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyenyimwa.