Zabuni ya Maktaba

Zabuni yangu ya kwanza ilikuwa nene kuliko zote zilizopelekwa siku ile, na ndiyo iliyowekwa kando mapema zaidi. Niliiandika mwezi mmoja baada ya kumzika mume wangu. Ilipokataliwa sikuumia. Wakati huo hakuna kilichoniuma. Hata nilipojichoma kwa sufuria niliona tu ngozi imebadilika rangi, nikaendelea kusonga ugali.

Mume wangu alikuwa na karakana ya useremala Riruta, kwa ubia na mzee mmoja aliyemzidi umri kwa mbali. Mtaa mzima ulimwita Kalasinga, kwa kilemba chake, naye aliitika. Kazi waliigawana bila kuandikiana: mzee alitengeneza, mume wangu alitafuta wateja na kuandika barua, bei na zabuni. Mimi nilikuwa mwalimu wa darasa la nne. Kuhusu karakana nilijua harufu yake tu, kwa sababu ilikuja nyumbani kwenye mashati.

Jeneza alilitengeneza mzee mwenyewe, kwa mbao za mvule alizokuwa amewawekea wateja walioagiza meza. Baada ya matanga alikuja nyumbani, akaketi ukingoni mwa kochi, akakataa chai, kisha akainywa.

"Shemeji, kutengeneza naweza. Kuandika siwezi," alisema. "Kazi tuliyo nayo inaisha. Tukikosa kazi kubwa kufikia Agosti, nauza mashine, naenda kukaa kwa binti yangu Kisumu."

"Na mafundi?"

"Watatafuta kwingine. Karakana inafungwa."

"Mzee, mimi nafundisha watoto kugawanya. Zabuni sijawahi hata kuiona."

"Si ni kuandika? Wewe ni mwalimu. Andika."

Nikaandika. Sikuwa na sababu ya kukataa, wala nguvu ya kuitafuta.

Kwa asiyeijua, zabuni ni jambo rahisi kueleza. Mtu ana kazi anayotaka ifanywe. Anawaalika watu kadhaa wamwandikie: mtaifanyaje, itachukua muda gani, mtatoza bei gani, na kwa nini nikuamini wewe badala ya mwenzako. Anazisoma zote, anachagua moja. Ugumu wake ni kwamba wewe haupo pale anaposoma. Darasani mtoto akikunja uso narudi nyuma, namweleza kwa njia nyingine. Kwenye zabuni huuoni uso wa mtu. Swali lake unalijibu kabla hajaliuliza, au hulijibu kabisa.

Ile ya kwanza ilikuwa ya kampuni moja katikati ya mji, ghorofani. Walitaka kuta za mbao za kuigawa ofisi yao kubwa. Nilikaa na mzee jioni kadhaa akinieleza aina za mbao, namna zinavyokaushwa, gundi, vanishi. Niliyaandika yote kwa mwandiko mzuri, nikayapeleka kuchapwa. Walipotujibu kwamba hatukupata, nilirudi kuuliza kwa nini. Sikujua kwamba watu hawafanyi hivyo.

Meneja wa ofisi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, aliniangalia kwa mshangao.

"Hakuna mtu hurudi hapa kuuliza," alisema. "Wakikosa wanatutukana wakiwa kwa lifti."

"Mtoto akikosa hesabu namwonyesha alipokosea. Nakuomba unionyeshe mimi."

Alicheka, akaitafuta zabuni yangu kwenye rundo. "Haya, mwalimu. Hapa umenieleza mvule. Hapa mvule tena. Hapa gundi. Kwani nanunua msitu? Mimi niko na watu wanafanya kazi na kompyuta kwa hicho chumba kila siku. Nilitaka kujua vumbi. Mtakata mbao humo ndani? Watu wangu watakaa wapi? Umeandika wapi?"

"Sijaandika."

"Aliyeshinda aliandika ukurasa wa kwanza. Na bei yake ilikuwa juu kuliko yenu."

Nilimshukuru, nikashuka kwa ngazi nikiwaza vumbi. Karakana nzima ilijaa vumbi, mume wangu alikuwa akilikung'uta mlangoni kila jioni, lakini haikuwa imenijia akilini kwamba lingemnyima mtu usingizi.

Kama wewe ndiyo kwanza unaanza, usiogope. Hili ndilo jambo kubwa, na mengine utayazoea. Kabla hujajitaja, kabla hujataja mbao wala mashine, jiulize mteja anaogopa nini kuhusu kazi hiyo anayoitaka. Kila anayeagiza kazi ana hofu yake. Iandike juu kabisa, kwa maneno anayotumia yeye, kisha mweleze utakavyoiondoa. Sifa zako zije baadaye, na ziwe chache.

Nilijizoeza kwa kazi ndogondogo. Zahanati moja ilitupa mabenchi. Zabuni mbili nyingine tulizikosa. Kila jioni mzee aliuliza, "Wamesema?" Nami nilijibu bado, kwa sauti ambayo ningeitumia kumwambia mtu ni saa ngapi.

Mwezi wa saba ikaja ile kubwa. Shule moja ya kulipia huko Spring Valley ilitaka maktaba yake yote iwekwe rafu mpya. Tulioalikwa tulipelekwa kuiona siku moja. Wengine walitoa futi wakaanza kupima kuta, mzee akiwa mmoja wao. Mimi nilimtazama mkutubi, mwanamke mwembamba aliyekuwa akitufuata nyuma na kurudisha sawa kila kitabu tulichokigusa. Nikamuuliza mara ya mwisho maktaba ilipohamishwa ilikuwaje.

"Usinikumbushe," alisema. "Walibeba kwa maboksi wakapeleka holini. Nilipanga upya muhula mzima. Vingine sijaviona mpaka leo."

Zabuni yangu ilianza hivi: vitabu vyenu havitatoka ndani ya maktaba. Kisha nikaeleza. Rafu zote zitatengenezwa Riruta. Likizo ya Agosti tutaleta safu moja baada ya nyingine. Safu ya zamani haitang'olewa kabla mpya haijasimama kando yake, na vitabu vitavuka kwa mpangilio uleule, mkutubi akiwa hapo.

Palibaki jambo moja. Shule ilitaka tumtaje atakayesimamia kazi, na ukurasa mmoja kuhusu kazi alizowahi kufanya. Mzee alikataa katakata.

"Mimi cheti sina, shemeji. Wataona aibu, nami nitaona aibu. Andika kampuni itasimamia."

Nikaandika hivyo. Nikaipeleka kwenye saiba, kile kiduka cha kompyuta na uchapaji pale Adams Arcade, ambako mume wangu alichapisha kazi zake kwa miaka, nikamwachia mwenye saiba aichape, aishone na kuitia kwenye bahasha, nikawahi darasani. Mzee aliichukua ikiwa imefungwa, akaipeleka shuleni.

Tuliitwa kwenye mahojiano pamoja na wengine wawili. Kamati ilikuwa ya watu wanne: mkuu wa shule, mhasibu, mzazi mmoja aliyekuwa wakili, na yule mkutubi. Walizungumza Kiingereza, mzee akajibu Kiswahili, na hakuna aliyejali. Mkuu aliusifu ukurasa wa kwanza. Mkutubi alitikisa kichwa kukubali. Kisha wakili akafungua nyuma.

"Msimamizi wenu ana uzoefu mzuri sana," alisema. "Mbona hamkuja naye?"

Nilifungua nakala niliyowekewa mezani, pale alipofungua yeye. Palikuwa na picha ndogo ya mume wangu, shati la mistari, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza. Chini yake kulikuwa na kazi zake zote.

"Huyu ni mume wangu," nilisema. "Alifariki mwezi wa nne. Ukurasa huu haukutakiwa kuwa hapa. Sijui ulifikaje."

Nilisikia sauti yangu ikiwa shwari, sauti ya kuita majina ya watoto asubuhi. Mkuu aliniambia pole. Nikashukuru. Wakili alifunga zabuni na kuiweka mezani.

"Basi hamna msimamizi," alisema, bila ubaya.

"Yuko," mzee alisema. "Ni mimi."

"Mzee, humu ndani hatukuoni."

"Huyo kijana alikuwa anaongea, mimi nilikuwa nafanya. Kazi zote ziko kwa hiyo karatasi, ni hii mikono."

Mkutubi alicheka kidogo, akajizuia. Mkuu aliwatazama wenzake, akasema hawawezi kuikabidhi maktaba kwa mtu asiyekuwepo kwenye maandishi, lakini tukileta ukurasa wake kesho asubuhi watausoma kabla ya kuamua.

Tulikwenda moja kwa moja Riruta. Mzee aliwaambia mafundi wazime mashine. Nikakaa juu ya mbao na kalamu.

"Andika fundi," alisema.

"Fundi wa nini?"

"Wa mbao. Kwani wa simu?"

"Ulianza lini?"

"Siku baba yangu alichoka kunipiga."

"Hiyo siandiki, mzee."

"Basi andika nilianza kufagia maranda."

Fundi mmoja alicheka. Mzee alimtupia kipande cha mbao, kwa makusudi akimkosa. Nikaona tukienda hivi tutaandika maisha yake yote, na wale watu hawakuuliza maisha yake. Nikamuuliza swali dogo, kama ninavyomuuliza mtoto aliyekwama: ni kazi gani aliyoifanya watu wakiwa bado wanakitumia chumba?

Alifikiri. "Kanisa la pale mjini Kikuyu," alisema. "Mabenchi yote mapya. Hawakutaka kuhama. Nilikuwa nabadilisha safu moja Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili wanakaa."

"Kuna Jumapili waliyokosa pa kukaa?"

"Hakuna. Muulize mzee wa kanisa, bado yuko hai, na bado anazozana nami juu ya vanishi."

Ukurasa mzima uliyahusu mabenchi hayo. Kazi ya miaka hamsini niliiweka kwenye mstari mmoja mwishoni, na chini yake jina la mzee wa kanisa ili wamuulize.

Asubuhi nilimpelekea mwenye saiba. Nilipomuuliza habari ya ule ukurasa mwingine, alisema aliona pale panapotakiwa msimamizi hapana jina wala ukurasa wake, na ukurasa wa mume wangu ulikuwa kwenye kompyuta yake siku zote, akaona nimeusahau, akaniwekea. Nikamwambia amefariki. Alishika mdomo.

"Nilidhani nakusaidia, mama."

"Najua."

Alichapa ukurasa wa mzee. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama aufute ule wa zamani. Nikamwambia afute. Akabonyeza. Nilingoja nisikie kitu ndani yangu. Nilichosikia ni printa.

Shule ilipiga simu siku tatu baadaye nikiwa chumba cha walimu. Kazi ilikuwa yetu, na walikuwa wameshazungumza na mzee wa kanisa. Nilirudi darasani nikamaliza kipindi. Jioni nilikwenda Riruta, nikamkuta mzee ameinama kwenye mashine ya randa, nikangoja hadi aizime.

"Wamesema?"

"Wamesema ndiyo."

Alisimama wima polepole, mkono kiunoni. Alitazama paa, kisha mafundi, kisha mimi.

"Likizo inaanza lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu! Shemeji, umeandika kwamba rafu zote zitatoka hapa zikiwa tayari? Kwa wiki tatu?"

"Tulikubaliana, mzee."

"Wewe umeandika, mimi nilikuwa naitikia tu." Tayari alikuwa ametoa simu, anampigia mwenye mbao, anamfokea kwa Kikuyu chake cha sokoni kuhusu mzigo uliokuwa bado haujafika, kisha akaniashiria nisiondoke, kwa kuwa atanihitaji kuandika oda. Nikavua viatu vya shule, nikatafuta kalamu, nikakaa.